Herufi Tatu za Gari la Hakimu

Koboko, 6 Mei 2024

Sumayah, mtoto ya kaka yangu,

Asalaam aleikum. Mimi shangazi yako niko mzima, goti tu inaniuma mvua ikitaka kunyesha, na mwaka huu mvua haichoki kutaka. Jogoo yule alikuwa anakudonoa miguu hayuko tena, tulimla siku ya Idi, nyama yake ilikuwa ngumu kama roho yake. Patience, jirani yangu yule alitoka Yei, amezaa msichana. Uchungu ilimshika alfajiri, nikamkimbiza hospitali na gari ya mtoto yangu, marehemu Hakimu. Kidogo tu angezalia njiani. Mtoto wamempa jina yangu, Bushira, maskini, sasa tutakuwa wawili.

Sasa sikiliza. Ijumaa Mzee Swadiki wa kamati ya mazishi alikuja hapa na wazee wawili. Niliwapa chai, hawakunywa, nikajua leo iko maneno. Anasema ile maandishi ya Kijapani ubavuni ya gari ni dua ya watu wanaoabudu sanamu. Ati maiti ya Muislamu haiwezi kupanda ndani. Ati nipake rangi juu yake kabla ya Maulidi, la sivyo gari haitabeba tena mwanamke aliyekufa, na haitaingia kwenye harusi ya mtu. Nikamuuliza, Mzee, imeandikwa nini? Akasema, hakuna mutu anajua, ndiyo maana ni mbaya. Ebo! Basi na moyo yake ni mbaya, maana hakuna mutu anajua iko na nini ndani.

Halafu akaongeza lingine. Anasema hata nikifuta, gari ya maiti isibebe bibi harusi, nichague moja. Nikamwonyesha hizi mikono. Nikamwambia, Mzee, hizi ndizo zilimwosha mama yako alipokufa, na ndizo zilimpaka hina binti yako alipoolewa. Mbona siku hizo hukuniambia nichague? Wakainuka, wakaondoka.

Mimi sikusema maneno ile ni nzuri. Nilisema sijui, na wao hawajui. Mutu hafuti kitu hajasoma.

Wewe unaandika mabango huko Arua, herufi ndiyo chakula yako. Nimekuchorea zote tatu kwenye hii karatasi. Iko upande wa kulia tu ya gari, ile ya kushoto iligongwa zamani na ikapakwa rangi. Nimeweka namba moja, mbili, tatu, kuanzia kulia, kama tulivyofundishwa chuoni kusoma Kurani. Nitafutie maana.

Usiniambie nipake rangi. Na usinipigie simu. Simu yangu hii ya tochi haina picha, na kwenye simu wewe unasema "shangazi, sikusikii vizuri" halafu unakata. Barua haikatiki. Mpe Kamisi, yeye anapita hapa kila wiki na abiria wake. Au njoo uangalie mwenyewe, Koboko ni saa moja tu na lami iko. Tangu arubaini ya Hakimu hujakanyaga hapa.

Mimi mwenye kichwa ngumu,
Shangazi Bushira


Arua, 20 Mei 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Waaleikum salaam. Pole na goti, nimempa Kamisi dawa ya kuchua, usiinywe kama ile ya mwaka jana. Hongera kwa Bushira mdogo. Baba na mama hawajambo, mama anasema unamdai mchuzi wa bamia na yeye hajasahau. Kazini kuna mabango ya uchaguzi wa shule, ya maduka ya wakimbizi, ya kila kitu, na mkono unanuka rangi hata nikila.

Nikah yangu na Wahabu imepangwa Septemba, baada ya Maulidi, insha'Allah. Mambo ya magari ya kunichukua usijisumbue, shangazi. Watu wa Wahabu wameshatafuta.

Kuhusu karatasi yako. Nimeipiga picha, nikaiweka kwenye simu isome. Simu ikazunguka weee, mwisho ikaniambia hiyo ni picha ya ua. Nikajaribu tena ikasema ni mchele. Fabiano, bosi wangu, alicheka mpaka akakaa chini. Yeye anaapa ni jina la kampuni ya samaki, kwa sababu gari lolote kutoka Japani kwake lilikuwa la samaki.

Nimeona tatizo liko wapi. Umeziandika kama unaandika bismillah, kalamu haiachi karatasi, kila mstari umeshikana mkono na mwenzake. Herufi za Wajapani hazishikani hivyo. Nimetazama mafundisho kwenye simu, nimemaliza bando mbili. Kila mstari unachorwa peke yake, kalamu inanyanyuliwa, halafu unakuja mwingine. Mistari ile inakusanyika kuwa vipande, na kipande kimoja unaweza kukikuta ndani ya herufi nyingi. Mtu asiyejua herufi anaitafuta kwa kipande chake na kwa idadi ya mistari. Kwa hiyo nahitaji kuona kila mstari unaanzia wapi na kuishia wapi.

Najua ulisema nisiseme, lakini nasema. Nina nusu kopo ya rangi nyeupe nzuri, haibanduki. Kamisi anaweza kuja nayo. Tungefuta, Mzee Swadiki angekunywa chai yako, maisha yangeendelea.

Kuja siwezi kwa sasa. Kazi ni nyingi.

Mwanao,
Sumayah


Koboko, 23 Juni 2024

Sumayah,

Idi mubarak. Tulichinja, tukala, na mguu ya mbuzi nilimpelekea Patience, ananyonyesha. Dawa ya goti nimepaka, imenuka mpaka paka amehama nyumba.

Nusu kopo yako ya rangi, paka nayo uso ya Fabiano.

Unaniambia maisha ingeendelea. Maisha ya nani? Leo nafuta ubavu ya gari kwa sababu Swadiki hajui kusoma. Kesho watasema mwanamke asiendeshe. Keshokutwa watasema nikae ndani nisuke kawa za kufunikia chakula. Hakimu alinifundisha kuendesha hii gari kwenye uwanja wa mpira, watoto wakitukimbilia, mimi nikipiga makelele. Sikujifunza kwa aibu yote ile ili niiache ikae chini ya turubai.

Haya, kazi yako hii hapa. Macho yangu haiwezi tena kufuata mstari kwa kalamu. Lakini mkono yangu inajua kusuka. Nilichukua nyasi zile za kawa, zile nimepaka rangi nyekundu, nikaweka juu ya gari yenyewe, mstari kwa mstari. Palipoishia mstari nikakata. Halafu nikazishona juu ya kitambaa vilevile zilivyokaa. Siku nzima nilisimama na jua, watu wakipita wananiuliza, Mama Hakimu, unapima gari nguo? Nikawaambia ndiyo, inaolewa.

Nikikuambia vile naona mimi: namba tatu ni nyumba ya madirisha manne, imechomwa mshale kutoka juu mpaka chini, na juu na chini iko na boriti imelala. Namba moja na namba mbili ziko na kitu moja sawasawa, mkia hivi, inaanzia juu kushoto, inashuka, halafu inateleza chini ya herufi yote kwenda kulia, kama mtu ameburuta mguu kwenye vumbi. Hizo mbili ni ndugu. Hilo nimeliona mimi bila simu.

Hujaniambia harusi ni tarehe ngapi. Hujaniambia nani atakupaka hina. Na hujaniambia ni magari gani hayo.

Shangazi yako


Arua, 14 Julai 2024

Shangazi yangu,

Nakusalimu kwa furaha, leo usinikasirikie kabla ya kufika chini. Huku wote wazima. Mvua iliangusha bango letu kubwa pale njia ya Mvara, likaangukia boda boda iliyosimama, namshukuru Mungu, mwenye pikipiki alikuwa ameenda kununua chapati.

Kitambaa chako kimenishinda maneno. Nilikitandika juu ya meza ya kazi, hata Fabiano akaja kuangalia. Kila unyasi peke yake, kila ncha inaonekana. Nikaanza kuhesabu na kutafuta.

Ile nyumba yako yenye mshale nimeipata kwanza. Si nyumba. Ni mkokoteni, shangazi! Uangalie kama umepanda juu ya mti, mkokoteni uko chini yako: ile mistari miwili juu na chini ni magurudumu, mshale ni fimbo ya kuyashika, na madirisha ni kitanda cha kubebea. Zamani ilikuwa mkokoteni, siku hizi ndiyo neno lao la gari.

Na ule mkia wako unaoteleza ni njia. Ni mwendo, mtu anayetembea. Herufi yoyote yenye ule mkia ina safari ndani yake. Kwa hiyo uliona sawa, hizo mbili ni ndugu. Baada ya kujua mkia, nikatafuta kile kilichopanda juu yake, nikahesabu, nikakosea, nikahesabu tena. Usiku umeme ukakatika, nikaendelea asubuhi kabla ya kazi. Nimezipata zote.

Nimezisoma kutoka kushoto, kwa sababu Wajapani wakiandika kwa mlalo huanzia kushoto kama sisi shuleni. Namba zako za chuoni nimezigeuza. Ya kwanza: gari. Ya pili: kupokea. Ya tatu: kutuma, kupeleka. Gari la kupokea na kutuma. Yaani gari la mizigo! Lilikuwa likibeba vifurushi vya watu, mizigo ya posta, basi. Hakuna sanamu, hakuna dua, hakuna jini. Mwambie Mzee Swadiki alale salama.

Sasa umejua, na umeshinda. Ulisema mutu hafuti kitu hajasoma. Tumesoma. Hata ukipaka rangi sasa hakuna atakayesema umeogopa. Ni mizigo tu, shangazi.

Mwanao anayekupenda,
Sumayah


Koboko, 4 Agosti 2024

Sumayah,

Salaam. Watu wazima, mahindi imekomaa.

Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Niliweka chini ya godoro, nikatoa, nikaweka tena.

Mizigo. Umeniandikia mizigo tu.

Mtoto yangu hakuwa mzigo.

Unajua kila asubuhi Hakimu alikuwa anaosha hii gari. Akimaliza ubavu ya kulia anaweka kiganja juu ya ile maandishi, anasema, "Mama, siku moja nitajua hii inasema nini, nitakusomea." Kila asubuhi. Mimi nacheka, namwambia, soma kwanza barua za kodi. Hata hospitalini huko Arua, sauti ikiwa imebaki kidogo, aliniuliza kama gari nimeiosha. Mimi nilidanganya nikasema ndiyo.

Siku tulipomrudisha, hakupanda gari nyingine. Alipanda hii. Mimi niliendesha kutoka Arua mpaka hapa, sikutaka mutu mwingine ashike usukani. Wewe ulikaa nyuma, kichwa yake kwenye paja yako. Tulipofika ulishuka, hukugeuka kuangalia gari, na mpaka leo hujaiangalia. Unaniambia kazi ni nyingi. Mimi naosha maiti, Sumayah, najua mtu anayeogopa akisimama mlangoni anakuwaje.

Na nimejua habari ya magari. Kamisi ana mdomo. Shangazi zake Wahabu walisema hawataki gari ya maiti ije kumchukua bibi harusi wao, na wewe ukakaa kimya. Kwangu ukaandika "wameshatafuta." Swadiki ananitukana mbele ya macho yangu, akiwa amekaa kwenye kiti yangu. Nimempenda zaidi kwa hilo.

Gari ya mizigo basi, kama ndivyo ilivyo. Iseme mizigo, lakini sifuti. Alikuwa anaweka mkono pale.

Bushira


Arua, 8 Septemba 2024

Shangazi,

Asalaam aleikum. Wazima wote. Sijui nianzie wapi, basi naanzia kwa kukuomba radhi. Zaidi ya mwezi nimeshindwa kukuandikia. Nilikuwa naandika nachana, Fabiano akadhani nimeanza kazi ya kutengeneza karatasi za kufungia karanga.

Ndiyo, niliogopa. Ndiyo maana nilitaka lipakwe rangi. Nilidhani likiwa jeupe pande zote litakuwa gari lingine, nami nitaweza kuja Koboko nikale kwako bila kusikia uzito wa kichwa chake pajani. Na ndiyo, nilinyamaza mbele ya shangazi zake Wahabu. Hukustahili hilo kutoka kwangu.

Lakini barua yako ilinitia hasira pia, nikazigeuzia herufi hasira hiyo. Neno mizigo, nani aliniambia? Hakuna mahali nililiona. Nililiongeza mwenyewe, kwa sababu nilikuta "kutuma" nikaona posta. Nikasema narudia, safari hii siongezi kitu changu.

Nikaanza kutafuta picha za magari ya Kijapani, kwa subira, moja baada ya nyingine. Nikaona kitu. Ubavu wa kushoto wa gari, maandishi yanakwenda kutoka kushoto. Ubavu wa kulia, magari mengi yanakwenda kutoka kulia! Wanafuata mwendo wa gari, wanaanzia mbele wanamalizia nyuma, upande wowote ule. Maandishi yako yako upande wa kulia. Namba zako nilizozigeuza zilikuwa sawa tangu mwanzo, ya kwanza ni ile ya kulia, ya mwisho ni gari. Wewe ulihesabu tu kama ulivyozoea, nami nikaharibu.

Nikaziweka kwa mpangilio wako: 送迎車. Shangazi, kaa chini kama umesimama.

Zile ndugu mbili zikikaa hivyo pamoja zinakuwa neno moja, na neno hilo nimelisoma kwenye kamusi tatu ili nisikudanganye tena. Maana yake ni kusindikiza na kupokea. Ya kwanza ni kumsindikiza anayeondoka. Ya pili ni kwenda kumpokea anayekuja. Na ni neno la watu, shangazi. La watu tu. Mzigo una maneno yake mengine. Gari lenye maandishi haya linachukua watoto wa shule, au wazee, au wageni, linakwenda kuwapokea na linawarudisha kwao.

Si hilo tu. Nilitafuta kila herufi inatumika wapi pengine. Ile ya kusindikiza ndiyo hiyohiyo wanaitumia wakimsindikiza mtu aliyefariki. Na ile ya kupokea wanaitumia wakisema familia imempokea bibi harusi nyumbani.

Nililia pale kazini, rangi mkononi, nikajipaka uso mzima. Gari la kusindikiza na kupokea. Lilimpokea Bushira mdogo, likamsindikiza Hakimu, na hakuna aliyekuambia, ulifanya tu.

Jana nilikwenda kwa shangazi zake Wahabu. Nilivaa gurbaba, ile shuka ya kujifunga uliyonipa, nikakaa, nikawaambia nachukuliwa na gari la shangazi yangu Bushira, na kama halifai basi nitakuja kwa Wahabu kwa miguu, nikipita katikati ya soko, watu wote waone. Mmoja alisema "Astaghfirullah, msichana gani huyu!" Wahabu alikuwa mlangoni. Akasema, "Ni wangu," akaenda kuchemsha chai. Wamekubali. Kwa midomo iliyobanwa, lakini wamekubali.

Harusi ni Ijumaa, tarehe 27. Hina utanipaka wewe. Kama bado unataka.

Sumayah wako


Koboko, 19 Septemba 2024

Binti yangu,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, goti inacheza ngoma peke yake. Bushira mdogo ametoa jino.

Barua yako nilimsomea Patience, nikamsomea Kamisi, halafu nikaenda nayo kwa Mzee Swadiki. Safari hii mimi ndiye nilikataa chai. Nilimsomea yote, mpaka mahali pa bibi harusi. Halafu akasema, hata hivyo, maiti na bibi harusi si sawa, kuweka pamoja haifai. Nikamwambia, Mzee, watu wa mbali huko, hawakujui, hawanijui, wameziweka pamoja kwenye neno moja, wakaandika kwa rangi isiyobanduka. Wewe ukitaka kuzitenganisha, nenda Japani. Akasema kamati itakaa. Nikasema ikae, viti iko.

Maulidi imepita. Gari haijapakwa rangi. Juzi amekufa mama mmoja wa upande wa soko, mjane, hana watu. Kamati ilikuwa bado imekaa. Nilimwosha, nikamvika, nikampeleka mwenyewe mpaka mlango wa makaburi. Huyo Swadiki alikuwa pale na wanaume. Aliangalia ile maandishi muda mrefu, halafu akaja akafungua mlango ya nyuma kwa mkono yake.

Sasa wewe. Nitakuja Jumatano na hina na vitu vya kufukiza, mwambie mama yako asinifiche bamia. Ijumaa asubuhi nitaosha gari hapo nje kwenu, na wewe utatoka nje umevaa. Hutakaa nyuma. Utakaa mbele na mimi.

Lakini kabla ya kupanda, zunguka upande wa kulia. Maji itakuwa bado haijakauka, usijali nguo. Weka kiganja yako pale Hakimu alipokuwa anaweka yake, na umsomee. Sauti kubwa. Alisema siku moja atajua.

Shangazi yako,
Bushira